Huo ukuta ulikuwepo tangu mwanzo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu yule msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliitoa Jumapili iliyopita, yule aliyesema kwenye mchezo wa Dungeons & Dragons karakta yeyote anayeruka angani apigwe marufuku, na kama mchezaji kashapata mbawa tayari basi msimulizi amjazie wapiga mishale kila kona mpaka achoke mwenyewe atembee kwa miguu kama wenzake. Nimeisoma ile barua mara 3. Imeniuma, maana na mimi nilishafanya karibu hivyo hivyo na nusura nisambaratishe meza yangu nzima.

Kwa wasioujua huu mchezo niseme kwa kifupi tu. Watu 4 au 5 wanakaa mezani, mmoja ndo msimulizi, anaeleza dunia ilivyo, miji, mapango, mazimwi, na wengine kila mtu ana karakta wake mmoja anayemwendesha, anasema huyu wangu anafanya hivi, na pale ambapo haijulikani kama ataweza au hawezi dadu inarushwa, hasa ile ya pande 20. Ulitoka Marekani mwaka 1974, wametunga Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunacheza Tabata sebuleni kwangu kila Jumamosi kuanzia saa 10 jioni, tunatumia vizibo vya soda badala ya zile sanamu ndogo zinazouzwa bei ya kutisha, na umeme ukikatika tunaegesha simu kwenye kikombe tunaendelea.

Sasa kisa chenyewe. Nina mdogo wangu wa kike ambaye anauza kwenye fremu ya duka Kariakoo, ndani kabisa ya jengo, ghorofa ya chini, hakuna dirisha, taa inawashwa asubuhi inazimwa jioni na mtu anatoka hajui kama leo mvua ilinyesha. Alipokuja mara ya kwanza kucheza nilimwekea mbele orodha ya jamii za viumbe unazoweza kuchagua, nikaanza kumwelezea moja moja kwa mpangilio, hata sijafika mbali kidole chake kikashatua kwa Aarakocra, ndege-watu, wana mbawa na manyoya na kucha. Akaniuliza, "Huyu anaruka kweli kweli?" Nikamwambia anaruka. "Tangu siku ya kwanza, au mpaka apande levo?" Tangu siku ya kwanza, maana levo ni ngazi ambazo karakta anazipanda kadiri anavyocheza. Basi akachukua kalamu akaandika jina la karakta wake, hakutaka kusikia habari ya jamii nyingine yoyote.

Mimi nilimkubalia bila kufikiria, na hilo ndo kosa la kwanza. Kwa kanuni zile za 2015 tulizokuwa tunatumia, Aarakocra anaruka futi 50 kwa raundi moja ya sekunde 6, hatumii uchawi wala hachoki, anachokatazwa ni kuruka akiwa kavaa deraya nzito au ya kati tu. Wiki 2 nzima nilikuwa nimeandaa korongo. Kina futi 200, daraja la kamba limeoza, chini ya daraja kuna zimwi linalodai ushuru, nimeliandikia mpaka maneno yake na nyimbo yake. Tukafika pale, mdogo wangu akasema, "Mimi nachukua ncha ya kamba naruka nayo ng'ambo, nafunga kwenye mti, wenzangu wapite." Sekunde 12 za mchezo. Zimwi langu lipo kule chini halijasema hata neno moja.

Mhariri, nilichukia. Nikasema, bila kufikiria, "Unapofika katikati unagonga ukuta wa upepo wa kichawi, hauonekani, unarudishwa nyuma." Akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira, aliniangalia kama mtu anayehesabu chenji. Akasema, "Kaka, huo ukuta ulikuwepo tangu mwanzo au umeuweka sasa hivi?"

Sikujibu. Nikajifanya natafuta kitu kwenye karatasi. Yeye akazichukua dadu zake moja moja akazirudisha kwenye kile kifuko chake cha kitenge, akakaa tu mpaka tukamaliza, kila zamu yake ikifika anasema "natembea na wenzangu". Jumamosi mbili zilizofuata hakuja, alisema kazi nyingi dukani.

Lile swali lilinikaa kichwani na bado linanikaa, na ndo sababu ya kuandika barua hii, kwa sababu naona ndo kipimo chote cha jambo hili. Msimulizi ana haki ya kuweka ukuta, upepo, mishale, nyavu, chochote anachotaka, dunia ni yake kuijenga, ila kiwepo kabla mchezaji hajakunjua mbawa. Ukiweka baada ya kuona mtu karuka hiyo siyo dunia tena, hiyo ni mkono wako unamzuia mtu kifuani.

Na wala siyo jambo geni kwetu. Sisi tumekulia kwenye stori za kuruka. Nani hajasikia habari ya mtu kakutwa alfajiri uwanjani kwa watu, hana nguo, ungo uko pembeni, mtaa mzima umejaa wanamtazama? Sisemi ni kweli au si kweli, nasema tu stori zile zinavyojengwa. Mchawi wa ungo hadondoki kwa sababu anayesimulia kamchoka. Anadondoka kwa sababu kapita juu ya nyumba iliyozindikwa, au alfajiri imemkuta bado yuko njiani, na lile zindiko lilifukiwa pale zamani, kabla hata yeye hajatoka kwake usiku huo. Bibi yetu alipokuwa anasimulia alianza na nyumba. Kwanza tunaambiwa mzee yule kazindika kwake pande zote nne, halafu tunaachwa, inakuja habari ya mchawi na safari yake, na sisi watoto kwenye mkeka ungo ulipokuwa unakaribia kile kijiji tulikuwa tunashikana mikono maana tunajua kilichopo pale chini na yeye hajui. Bibi angelileta zindiko mwishoni, ghafla, tungemwambia bibi unatudanganya.

Waliotunga mchezo nao walilijua hili mapema mno. Kwenye vile vitabu vya 1974 uchawi wa kuruka ulikuwemo tayari, levo ya 3 (uchawi nao una levo zake za ukali, mbali na levo za mchawi mwenyewe), na muda wake ulikuwa idadi ya levo za mchawi ujumlishe dadu moja ya pande 6 ambayo msimulizi anairusha kwa siri. Yaani mchawi yuko juu na hajui kwa uhakika ni lini ataanguka! Ni ukali wa ajabu lakini ni wa haki, kwa sababu kabla hajaruka anajua kabisa kwamba kuna dadu iliyofichwa, anaamua mwenyewe abaki juu dakika moja zaidi au atue sasa. Kwenye toleo lililorekebishwa mwaka 2003 wakalegeza, uchawi ukikatika mtu anashuka taratibu futi 60 kwa raundi, kwa raundi chache za bahati yake, akifika chini salama vizuri, asipofika anaanguka hiyo iliyobaki. Mwaka 2014 wakabadilisha tena, sasa unadumu dakika 10 na unajua ni 10, ila lazima mchawi aushikilie kwa umakini, akipigwa anarusha dadu na akishindwa umekatika hapo hapo. Huyo Aarakocra mwenyewe mwaka 2022 walimpunguza, kutoka futi 50 mpaka kulingana na mwendo wake wa miguu, yaani 30. Na kwenye kitabu cha wachezaji cha 2024 wale Dragonborn, watu wa damu ya joka, wamepewa mbawa lakini mpaka levo ya 5, dakika 10, mara moja mpaka walale usingizi kamili. Miaka 50 wanapunguza wanaongeza, wanasogeza huku na kule, na kuruka kumebaki kwenye mchezo.

Huyu msomaji mwenzangu anasema kuruka kunavunja mchezo kwa sababu hakuna kinachoweza kumzuia anayeruka. Naomba tukae chini tupige hesabu, maana mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo mpaka nilipochukua kalamu.

Chukua ule uchawi wa 2014. Futi 60 kwa sekunde 6 ni kama mita 18, hiyo ni kilomita 11 kwa saa. Bodaboda inakupita imezimwa, inasukumwa mteremkoni. Dakika 10 ni raundi 100, unaruka futi 6,000, haifiki hata kilomita 2, ukianzia Posta Magomeni hufiki. Hata ukiutumia mwendo wote bila kupiga wala kufanya kitu kingine unapata kilomita 3 na nusu na ushee. Mchawi wa levo ya 5 ana nafasi 2 tu za uchawi wa levo ya 3 kwa siku nzima, kwa hiyo akiruka kwenda na akaruka kurudi kamaliza, hana moto wa kurusha, hana kitu, kabaki na vile vidogo vidogo. Na anaruka peke yake! Ule uchawi unamshika mtu mmoja, ukitaka kuongeza mtu wa pili unatumia nafasi ya levo ya 4, wa tatu levo ya 5, timu ya watu 4 inahitaji nafasi ya levo ya 6 ambayo mchawi haipati mpaka awe levo ya 11. Sasa kampeni nyingi, yaani zile hadithi ndefu zinazochezwa wiki hadi wiki, hazifiki hata huko.

Kwa hiyo miezi na miezi ya mchezo anayeruka ni mtu mmoja kaenda mbele ya wenzake, hana ngao ya mtu, yuko mahali ambapo hakuna mti wala ukuta wala jiwe la kujificha, anaonekana na kila mwenye macho, na upinde mrefu kwenye mchezo huu unafika futi 150 vizuri na 600 kwa shida. Akianguka kutoka futi 60 anaumia kwa dadu 6 za pande 6, wastani wake 21, na mchawi wa kawaida wa levo ya 5 ana uhai wa pointi 27 hivi. Huyo mtu unahitaji kumpiga marufuku kweli? Huyo mtu anahitaji kuombewa.

Mwenye mbawa za kuzaliwa kama mdogo wangu ni tofauti kidogo, nakubali, yeye hahitaji umakini wala hahesabu dakika. Lakini naye kanuni zinamgusa, akiangushwa kifudifudi au mwendo wake ukiwa sifuri, kwa wavu, kwa kushikwa, anadondoka. Na habari ya kubeba wenzake ambayo wasimulizi wanaiogopa mno, hesabu nguvu zake mara 15, mwenye nguvu 10 anabeba pauni 150, hizo ni kilo 68, mizigo yake mwenyewe ikiwemo. Hapo mpiganaji mwenye deraya kamili hawezi kumbeba hata akiomba vipi, deraya peke yake ni pauni 65.

Basi Jumatatu moja nikaenda Kariakoo dukani kwake. Nilikuta anapanga madaftari, nikasimama pale kati ya maboksi nikamwambia, mdogo wangu, ule ukuta haukuwepo. Akasema, "Najua kaka." Nikamwambia Jumamosi tunarudi palepale korongoni, kamba iko mkononi kwako. Akasema ataangalia kama kazi zitaruhusu, ila alikuwa anatabasamu, na Jumamosi saa 9 na nusu alikuwa kashafika kabla ya wote.

Akaruka na kamba. Nikamwacha aruke. Akafika ng'ambo akafunga, wenzake wakaanza kupita wananing'inia mmoja mmoja, na mpiganaji wetu mwenye lile deraya alipofika katikati ndo zimwi likatoka chini, likashika kamba, likaanza kuitikisa na kuimba ile nyimbo yangu ya ushuru. Mdogo wangu yuko juu, upinde mkononi, akawa anachagua, ampige zimwi au ashuke amshike mpiganaji ambaye hawezi kumbeba, au akate kamba upande wa huku ili mwenzake ajibamize kwenye ukuta wa korongo lakini asidondoke. Mezani kimya. Alikata kamba. Mpiganaji akarusha dadu ya kushikilia, ikatoka 19, sebule nzima ikalipuka mpaka jirani akaja kuuliza nani kafunga goli. Hiyo stori nisingeipata kama angetembea na wenzake kwenye daraja bovu kama nilivyokuwa nimeandika, na kama ningeshikilia ukuta wangu nisingeipata milele.

Kuanzia siku ile nilibadilisha ninavyoandaa. Zamani nilikuwa nachora ardhi tu, barabara, milango, mito, na juu nimeacha karatasi nyeupe, halafu mtu akienda juu nashangaa kwa nini hakuna kitu huko. Sasa kila sehemu najiuliza huku juu anakaa nani, upepo unatoka wapi, kutoka juu panaonekanaje. Majibu nayaandika kabla.

Wazo langu bora lilitoka kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba yangu. Wakazi wa Dar tunawajua wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, wameletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakitokea India na sasa pwani yote ni yao. Siku moja asubuhi napiga mswaki nje nikamwona mwewe anapita, mkubwa, ametulia, mbawa zimenyooka. Kunguru mmoja akanyanyuka kwenye waya. Halafu wawili. Ndani ya muda mfupi wako kama kumi, wanampanda mgongoni, wanamdonoa mkia, mwewe anajipinda, anajaribu kugeuza kucha, hawamwogopi hata kidogo, wakamsindikiza hivyo mpaka nyuma ya mabati ya jirani. Nikabaki na mswaki mdomoni. Mwewe yule ana nguvu kuliko kunguru yeyote pale lakini ile hewa ilikuwa na wenyewe.

Nikawaweka kunguru kwenye mnara wa kisiwa. Wiki 3 kabla wachezaji hawajafika kisiwani nilishawaambia, mvuvi kawasimulia kwamba mabaharia hawapandishi hata bendera karibu na mnara ule kwa sababu ya ndege. Wakafika. Jamaa yetu fundi simu, ambaye ana mchawi wa jamii ya Gnome, kijitu cha kama kilo 18, akasema mimi siogopi kunguru, akajirukisha kwenda kwenye dirisha la juu.

Nionyeshe tunavyofanya mezani maana watu huwa wanauliza urefu wa juu unaupimaje. Kizibo chake cha Fanta nakiweka juu ya bilauri ya chai iliyogeuzwa, pembeni naweka dadu inayoonyesha namba, 4 maana yake futi 40. Umbali wa mshazari tunatumia ile 3, 4, 5 ya shuleni, ukiwa mbele futi 30 na juu futi 40 basi kati yenu ni 50, na namba zikikataa kukaa vizuri tunachukua ile kubwa kati ya mbili tunasonga mbele, hakuna aliyewahi kulalamika.

Kwa hiyo kizibo cha Fanta kiko juu ya bilauri, dadu inasema 4, na mimi nikamwaga pembeni yake kiganja cha punje za choroko. Hao ndo kunguru. Alikuwa kabaki na uhai 24, wakamdonoa 6, akabaki na 18, sasa arushe dadu ya umakini, anatakiwa 10. Ikatoka 8. Ana nyongeza 1. Tisa.

Fundi simu akainua mikono kichwani. Nikaitoa ile bilauri taratibu, kizibo kikalia "ting" mezani, dadu 4 zikatoka 5, 3, 6 na 2, jumla 16. Amebaki na 2, amelala juu ya paa la ghala chini ya mnara, kunguru wanashuka, na wenzake wako nje ya ukuta hawawezi kumfikia. Isipokuwa mmoja. Mdogo wangu hata hakungoja nimalize, akasema, "Yule si kilo 18? Namchukua." Tukapiga hesabu ya mizigo yake, akatupa mkeka na kamba, ikatosha, akaruka naye mpaka ufukweni na punje za choroko zinamfuata meza nzima. Hakuna mtu mezani aliyeniuliza kama kunguru walikuwepo tangu mwanzo. Wote walikuwa wanamlaumu fundi simu kwa kutomsikiliza mvuvi, na fundi mwenyewe mpaka leo anamsimulia kila mteja anayemletea simu.

Upepo nao. Kitabu cha msimulizi cha 2014 kinasema wazi kwamba kwenye upepo mkali kiumbe anayeruka lazima atue mwisho wa zamu yake la sivyo anadondoka, kanuni ya mstari mmoja tu na wasimulizi wengi wanaipita kama hawajaiona. Mimi kwenye dunia yangu nimeweka kusi na kaskazi kama zetu, zina miezi yake, zimeandikwa kwenye kalenda ambayo imebandikwa ukutani wachezaji wote wanaiona. Sasa kabla ya safari utamsikia mdogo wangu anamuuliza nahodha upepo ukoje wiki hii. Sijamkataza kuruka hata mara moja, anapanga mwenyewe aruke lini, na kwa jinsi anavyouliza, hilo swali lenyewe limeshakuwa sehemu ya mchezo.

Sasa nirudi kwa msomaji mwenzangu na wale wapiga mishale wake. Wapiga mishale sina ugomvi nao, ngome isiyo na wapiga mishale ni ngome ya ajabu. Ila ukiweka wapiga mishale kwenye ngome, kwenye pango, kwenye harusi, kwenye kisima cha kijiji, mchezaji ataelewa ndani ya Jumamosi mbili kwamba hao hawalindi ngome, wanamlinda msimulizi. Na kuna jambo jingine nililojifunza kwa shida, kwamba mara nyingi inabidi umwache mwenye mbawa apite tu. Bila kunguru, bila upepo. Mlima ambao wenzake wangeupanda siku nzima yeye anaupanda kwa dakika, anaona bonde lote lilivyo, unamchorea ramani unampa, na wenzake wanafurahi kwamba wana mtu wa namna hiyo. Yule aliyechagua upanga kila siku tunamwachia akate watu, hatujawahi kusema panga linavunja mchezo.

Kama kweli hutaki kuruka kwenye kampeni yako, mwambie mtu siku ya kwanza, kabla hajaandika jina la karakta. Hapo siwezi kukulaumu hata kidogo. Ligi rasmi ya mchezo huu, Adventurers League, wakati fulani nayo haikuruhusu Aarakocra, na walisema mapema, kila aliyekaa kwenye meza zao alikuwa anajua. Sema tu hivi, jamani dunia hii mpaka levo ya 5 hakuna mwenye mbawa, anayetaka tutamtengenezea njia ya kuzipata baadaye. Mtu atachagua kingine na hamtagombana. Tatizo ni kumpa mtu kitu Jumamosi hii kisha kumpokonya Jumamosi ijayo na kujifanya ni hali ya hewa.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu meza za mchezo huu kwetu bado ni chache. Meza yetu ilianza na watu 5, na kupata watu 5 ambao wote wako huru Jumamosi moja kwenye mji huu, na foleni hizi, na misiba na harusi na vikoba, ilituchukua karibu mwaka. Akiondoka mmoja kwa sababu umemdhulumu hupati mwingine kesho. Na yule aliyeondoka hatasema msimulizi fulani alikosea, atasema ule mchezo hovyo, na atawaambia wenzake.

Jumamosi hii tunafika kwenye genge kubwa la mawe kaskazini mwa kisiwa, futi 400, kuna kijiji kimechongwa katikati ya mwamba na hakina ngazi wala njia ya kupandia, vitu vyote vinavutwa kwa vikapu. Ramani yake nimeibandika ukutani tangu mwezi uliopita pamoja na kalenda. Juzi mdogo wangu alipita kuchukua mtoto wake akasimama mbele ya ile ramani muda mrefu, mkoba bado uko begani, akaweka kidole kwenye vialama vidogo vyeusi nilivyochora juu ya genge akaniuliza kama hivyo ni viota. Nikamwambia ni viota. Akauliza vya nini. Nikamwambia muulize mvuta vikapu mkifika.

Ni mimi msomaji wenu,
Msimulizi wa Jumamosi,
Tabata, Dar es Salaam.